Ndigana Kali na Ndigana Baridi Si Ndugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukoo wa Protozoa wa Mifugo

Maswali haya hurudi kila masika, kupe wanapojaa masikioni mwa ndama na duka la dawa linapopata foleni. Mengine ni ya wafugaji, mengine ni ya wanafunzi waliochoka kukariri majina ya Kilatini. Majibu yanaeleza ukoo wa vimelea. Vipimo vya dawa muulize daktari wa mifugo aliye karibu nawe.

Ndigana kali na ndigana baridi zina jina moja na zote zinaletwa na kupe. Vimelea vyake ni ndugu?

Hapana, hata wa mbali. Ndigana kali inasababishwa na *Theileria parva*, kiumbe cha seli moja chenye kiini, jamaa wa karibu wa kimelea cha malaria. Ndigana baridi inasababishwa na *Anaplasma marginale*, na huyo ni bakteria, hana kiini kabisa. Umbali wa kiukoo kati ya hao wawili unazidi ule ulio kati yako na mgomba ulio nyuma ya nyumba. Ukichora mti wa viumbe vyote, wewe, mgomba na Theileria mtakaa upande mmoja, na Anaplasma atakaa ng'ambo peke yake na bakteria wenzake.

Usimlaumu mfugaji aliyezipa jina moja. Yeye aliona kupe, akaona homa, akaona ng'ombe ameacha kucheua. Hata mabingwa walikosea hapo hapo. Arnold Theiler alipomweleza Anaplasma huko Afrika Kusini mwaka 1910 alidhani ni protozoa, na ilichukua miongo kadhaa kabla kimelea hicho hakijahamishiwa kwenye bakteria.

Kosa hili lina gharama zizini. Oksitetrasaiklini, ile wengi wanaiita OTC tu, huvuruga mtambo ambao bakteria hutengenezea protini, kwa hiyo ndigana baridi huisikia. Ukimchoma sindano hiyo peke yake ng'ombe ambaye ndigana kali imeshampandisha homa na kumvimbisha tezi, unapoteza siku ambazo hana.

Basi protozoa ni nini hasa?

Ni neno la mazoea. Mjerumani Georg Goldfuss alilitumia mwaka 1818, maana yake "wanyama wa kwanza", akakusanya humo viumbe vidogo vya kila namna. Baadaye likabaki kumaanisha kiumbe cha seli moja chenye kiini, kinachokula vya wengine badala ya kujitengenezea chakula kwa jua kama mmea.

Sisi tunaojua Kiswahili tuna neno la kutusaidia hapa: mdudu. Nzi ni mdudu, nge ni mdudu, jongoo ni mdudu, na bibi zetu walisema mtu "ana wadudu tumboni" wakimaanisha minyoo, kisha zahanati ikasema "wadudu wa malaria". Kila mtu anaelewa, na hakuna anayedhani kwamba nge, mnyoo na malaria ni wa mama mmoja. Protozoa ni neno la aina hiyo. Linasema kiumbe anaishije na ana ukubwa gani, basi.

Kitabu changu cha shule kinawagawa kwa namna wanavyotembea: wenye mkia, wenye miguu ya uongo, wenye vinyweleo, na wasiotembea. Ni makosa?

Ni mpangilio wa zamani. Ulikuwa na mantiki, kwa kuwa darubini ilikuwa inaonyesha hayo tu. Mwaka 1980 kamati iliyoongozwa na Norman Levine bado iliwapanga protozoa katika faila (makundi makuu) saba kwa kutazama maumbo, safari hii kwa msaada wa darubini za elektroni. Miaka hiyo hiyo wanasayansi wakaanza kusoma jeni za ribosomu, ule mtambo wa seli wa kutengeneza protini, ambazo kila kiumbe hai anazo, na kulinganisha herufi kwa herufi. Mti ukapinduka.

Leo vimelea vya mifugo vilivyokuwa vimerundikwa pamoja vimetawanyika katika koo zilizo mbalimbali sana:

Wa kwanza ni ukoo wa Apikompleksa: Theileria, Babesia, Eimeria wa kuku, Toxoplasma, Neospora, Sarcocystis, Cryptosporidium wa ndama, na Plasmodium wa malaria. Huu ndio ukoo mkubwa na wenye hasara zaidi kwa mfugaji wa kwetu. Mbele ya seli zao wote wana vifaa vya kupenyea seli ya mwenyeji, na jina lao limetokana na ncha hiyo. Majirani zao kwenye mti ni siliati, wale wenye vinyweleo, wakiwemo wanaojaa tumboni mwa ng'ombe, na dinoflajelati, viumbe vya seli moja vya baharini.

Trypanosoma na Leishmania wako kwingine kabisa, karibu na *Euglena*, yule wa kijani wa kwenye madimbwi ambaye kila mwanafunzi wa biolojia amemchora. *Giardia* na *Tritrichomonas foetus*, yule anayetupisha mimba za ng'ombe kupitia dume, wana tawi lao la Metamonada. Na amiba wa kuhara damu, *Entamoeba*, kiukoo yuko karibu na wanyama na uyoga kuliko alivyo karibu na hao wengine wote. Binamu asiyependeza, lakini ndivyo ilivyo.

Nimesikia kwamba kimelea cha ndigana kali kilitokana na mwani. Ni kweli au ni mzaha?

Ni kweli, na kwangu mimi hii ndiyo habari tamu kuliko zote katika somo hili.

Ndani ya seli ya Theileria, na ya Plasmodium, Babesia, Toxoplasma na Eimeria, mna kijifuko kidogo kinachoitwa apikoplasti. Kina DNA yake yenyewe, duara dogo la herufi 35,000 hivi, na kwa wengi wao kimefungwa kwa utando wa tabaka nne. Watu walikiona kwenye darubini zamani bila kujua ni nini. Katikati ya miaka ya 1990 DNA yake iliposomwa na kufuatwa ilipo, ikaonekana ni masalia ya kile chombo ambacho mimea na mwani hutumia kunasa mwanga wa jua.

Zile tabaka nne zinasimulia ilivyotokea. Hapo kale bakteria anayenasa jua alimezwa na seli nyingine, akabaki humo hai, ukazaliwa mwani mwekundu. Kisha mwani huo nao ukamezwa na babu wa Apikompleksa. Kumeza ndani ya kumeza. Babu huyo aliishi kwa jua, mpaka uzao wake ulipoingia ndani ya wanyama, ambako hakuna jua ila chakula ni cha bure. Rangi ya kijani ikapotea, chombo kikabaki kwa sababu bado kinatengeneza kemikali ambazo kimelea hakiwezi kuishi bila hizo.

Wenye shaka walipata jibu mwaka 2008, pale kiumbe kilichopatikana kwenye matumbawe ya bandari ya Sydney kilipoelezwa kwa jina *Chromera velia*. Ni jamaa wa karibu wa Apikompleksa, na bado ananasa jua kama mwani. Ni kama kukutana na mtu wa ukoo wenu aliyebaki kijijini akilima shamba ambalo ninyi mliliacha zamani.

Cryptosporidium, yule anayeharisha ndama wachanga, amekitupa chombo hicho kabisa. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya apelekwe karibu na gregarini, vimelea vya wadudu na minyoo ya baharini, mbali kidogo na Eimeria ambaye zamani alihesabiwa kuwa ndugu yake.

Theileria na Babesia wote wanaonekana kwenye chembe nyekundu za damu na wote wanaletwa na kupe. Tofauti iko wapi?

Hawa kweli ni ndugu, wa kundi moja la piroplazimu, na wamewahi kumchanganya mtu mkubwa. Robert Koch, mwishoni mwa miaka ya 1890, alitazama damu ya ng'ombe hapa Dar es Salaam akaona vitu vidogo ndani ya chembe nyekundu. Alidhani ni hatua ya utotoni ya *Babesia bigemina*, kimelea ambacho Theobald Smith na Fred Kilborne wa Marekani walikuwa wamethibitisha mwaka 1893 kwamba huenezwa na kupe. Alichokiona ni Theileria. Kosa hilo lilikuja kuonekana baada ya ng'ombe kutoka pwani yetu kusafirishwa hadi Beira na kuingizwa kusini mwa Afrika, ugonjwa ukafyeka mifugo huko kuanzia 1901 na 1902, na ng'ombe waliokuwa na kinga ya Babesia wakafa kama wengine. Ndipo ukaitwa homa ya pwani ya mashariki. Jina hilo linatuhusu sisi.

Tofauti ya kwanza iko ndani ya mnyama. Babesia huingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu, azipasue, na mkojo uwe mwekundu. *Theileria parva* huanzia kwenye chembe nyeupe za kinga na kuzifanya zizaane ovyo kama saratani, kimelea kikigawanyika pamoja nazo ili kila mtoto arithi wake. Tezi ya chini ya sikio inavimba, kisha mapafu yanajaa maji na povu linatoka puani. La ajabu ni kwamba ukikiua kimelea kwa dawa, seli ile inaacha tabia ya saratani.

Tofauti ya pili iko ndani ya kupe, na ni ya kufurahisha kwa anayependa kuona mambo yakilingana. Kupe wa bluu anayebeba Babesia hukaa kwa ng'ombe mmoja tangu utoto hadi uzee. Kimelea kikitegemea kupe huyo ahamie kwa ng'ombe mwingine, kitakwisha. Kwa hiyo Babesia hupita kwenye mayai ya kupe, na watoto huzaliwa tayari wamebeba. Kupe wa kahawia wa masikioni huwa na wenyeji watatu katika maisha yake: hunyonya, huanguka, hujivua, hupanda mnyama mwingine. Theileria hana haja ya mayai. Hubebwa kutoka hatua moja hadi inayofuata, na vifaranga vya kupe huyo huzaliwa safi.

Kwa nini majina hubadilishwa kila mara? Inachosha.

Inachosha kweli, hasa ukiwa na mtihani kesho. Lakini mara nyingi jina jipya ni masahihisho ya jambo ambalo lilikuwa linadanganya. *Babesia equi* wa farasi na punda alihamishwa mwaka 1998 akawa *Theileria equi*, baada ya kuonekana kwamba naye huanzia kwenye chembe nyeupe na kwamba hapiti kwenye mayai ya kupe. *Neospora caninum*, anayetupisha mimba za ng'ombe na ambaye mbwa ndiye humwaga mayai yake kwa kinyesi, hakuwa na jina mpaka 1988, kwa kuwa kabla ya hapo aliitwa Toxoplasma, ambaye huenezwa na paka. Aliyeamini ni Toxoplasma angemfukuza paka na kumwacha mbwa alale kwenye nyasi za ng'ombe.

Mfano wa nyumbani ni wa nyati. Zamani *Theileria parva* aligawanywa: wa ng'ombe aliitwa *parva parva*, wa nyati aliitwa *parva lawrencei*. DNA haikuukubali mpaka huo, na mgawanyo ukaachwa. Siku hizi tunasema tu "wa kutoka kwa ng'ombe" au "wa kutoka kwa nyati". Nyati ndiye mwenyeji wa asili. Anabeba vimelea vya namna nyingi zaidi na haugui. Mmasai anayechunga kando ya hifadhi hahitaji mti wa DNA kumwambia kwamba malisho waliyopita nyati yana balaa.

Chanjo nayo ina historia hiyo ndani yake. Ile iliyobuniwa Muguga, Kenya, huchanganya vimelea hai vya asili tatu, viitwavyo Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, na ng'ombe huchomwa papo hapo oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili kuvipunguza kasi. Cha Serengeti kilihesabiwa kuwa cha nyati. Jenomu, yaani DNA yao yote, ziliposomwa, Muguga na Serengeti zikakutwa karibu sawa kabisa, na Kiambu 5 ndiye aliyekuwa tofauti. Chanjo inafanya kazi vilevile, ila lebo zilisema kitu ambacho damu haikusema.

Nagana, malale na surra: ni vimelea vitatu au kimoja?

Anza na nagana ya ng'ombe. Inasababishwa hasa na *Trypanosoma congolense*, *T. vivax* na *T. brucei*, wote wakienezwa na mbung'o. Huyo wa mwisho amepewa jina la David Bruce, aliyemwona kule Zululand mwaka 1895.

*T. brucei* wa kawaida hampati binadamu, kwa kuwa damu yetu ina protini inayompasua. Lakini baadhi yao wana jeni moja, SRA, inayoizuia protini hiyo. Hao ndio *T. b. rhodesiense*, wa malale ya Afrika mashariki. Mpaka kati ya "ugonjwa wa ng'ombe" na "ugonjwa wa watu" ni jeni moja. Ndiyo maana mlipuko wa malale wa Soroti, Uganda, mwaka 1998 ulihusishwa na ng'ombe walioletwa mnadani: ng'ombe alionekana mzima, na ndani yake alikuwa amebeba malale.

Surra ya ngamia ni habari ya aliyepoteza urithi. *T. evansi* ametokana na *T. brucei*, tena inaonekana zaidi ya mara moja. Alipoteza sehemu ya DNA ya mitokondria yake (kiwanda cha nishati cha seli), ile inayohitajika kuishi ndani ya mbung'o. Badala ya kufa, akajifunza kusafiri kwenye midomo ya nzi wengine wanaouma, kutoka ngamia mmoja hadi mwingine, akatoka Afrika na kufika India, ambako Griffith Evans alimwona mwaka 1880. Huyo hafuati mbung'o, kwa hiyo kaskazini kame ya Kenya, kusiko na mbung'o, ngamia bado wanaugua.

Kwa wanaotegemea mbung'o, ukimwondoa nzi umekata mnyororo. Unguja ilifanya hivyo: madume wa mbung'o waliokuzwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kisiwani mpaka mbung'o wa mwisho wa porini akaonekana 1996.

Je, dawa hufuata ukoo?

Mara nyingi ndiyo. Buparvakwoni ya ndigana kali huziba njia ya nishati kwenye mitokondria ya Theileria, na atovakwoni ya malaria ya watu hufanya vilevile kwa Plasmodium. Dawa ndugu kwa vimelea ndugu. Doksisaiklini husaidia kukinga malaria kwa sababu ile apikoplasti, ikiwa na asili ya bakteria, bado ina ribosomu za kibakteria.

Lakini ukoo hausemi yote. Diminazini, ule unga wa njano ambao wengi wanauita Berenil hata kama ni wa kampuni nyingine, hutibu nagana na pia hutibu mkojo mwekundu wa Babesia, ingawa Trypanosoma na Babesia hawana undugu wa kutaja. Metronidazoli nayo humpiga Giardia, Entamoeba na bakteria wasiotumia oksijeni. Kinachowaunganisha hao ni makazi: wote huishi pasipo hewa, na dawa huwashwa na kemia ya maisha ya namna hiyo.

Koksidia wa kuku wangu watawapata mbuzi?

Hapana. Eimeria, ndio hao koksidia, huchagua mno. Wa kuku ni wa kuku, wa mbuzi ni wa mbuzi. Safisha banda, weka matandiko makavu, na usiwatenganishe mbuzi na kuku kwa sababu hiyo.

Na Nosema wa nyuki?

Aliondoka kwenye protozoa. Maikrosporidia, kundi lake, sasa wanahesabiwa pamoja na uyoga au jirani zake wa karibu. Waliomfuata kwa kituko ni miksozoa wa samaki, ambao ni wanyama kamili wa jamii ya yavuyavu waliopungua mwili mpaka kubaki chembe chache.

Malaria yetu ilitoka kwa ndege, sivyo?

Ilidhaniwa hivyo. Mwaka 2010 uchunguzi wa vinyesi vya sokwe na gorila wa Afrika ya kati ulionyesha kwamba *Plasmodium falciparum* alitoka kwa gorila.

Nina darubini na damu iliyopakwa rangi ya Giemsa. Nitawatambuaje?

Aliye nje ya chembe, mrefu, mwenye mkia na utando wa mawimbi, ni Trypanosoma. Katika tone bichi utamwona akizisukasuka chembe nyekundu kabla hujamwona mwenyewe. Vitu viwili vyenye umbo la pera vilivyounganika ncha ndani ya chembe moja ni *Babesia bigemina*. Vijiti vidogo na nukta zenye mkia mfupi ni Theileria, lakini usikimbilie kusema *parva*: *T. mutans* asiye na makali sana, na *T. taurotragi* aliyetoka kwa pofu, hufanana naye mno humo. Nukta nzito ya zambarau pembezoni kabisa mwa chembe, isiyo na mwili wowote kuizunguka, ni Anaplasma, bakteria wetu. Hakikisha si vumbi la rangi. Hilo limewaaibisha wengi, nami nimo.

Ukishuku ndigana kali, damu ya sikio haitoshi. Choma sindano kwenye tezi iliyovimba, vuta kidogo, paka, na utafute chembe nyeupe zenye vipande vya bluu vyenye vitone vyekundu ndani. Vipande hivyo bado vinaitwa kwa jina la Koch.